Bidoni Moja, Kwenda na Kurudi

Mimi ni mfanyabiashara wa mawese, na kwa zaidi ya miaka ishirini kazi yangu hasa imekuwa kuwashuku watu. Mkulima anashuka na bidoni yake kutoka vilima vya juu ya Rumonge, nafungua kifuniko, nanusa, nachota kijiko kimoja nakipasha moto. Mafuta yakipasuka-pasuka, yana maji. Yakitulia, naonja. Nimewakamata waliotia maji, waliotia maboga yaliyopondwa, waliofunika mafuta ya zamani kwa mafuta mapya. Sokoni wanasema pua yangu haidanganyiki. Walisema hivyo mara nyingi mno, na mimi nikaamini.

Ninayoyaeleza hapa yalitokea mwaka ambao petroli, esanse kama tunavyoiita, ilipotea nchini kwetu, au tuseme mmojawapo wa miaka hiyo, maana ilipotea mpaka ikazoea kupotea. Magari yalipanga foleni vituoni siku tatu, siku nne, na wengine wakaondoka mikono mitupu. Basi dogo la kwenda Bujumbura liliondoka siku lilipopata, si siku uliyoitaka wewe. Mtu mwenye afya aliweza kusubiri. Mama yangu hakuweza.

Figo zake zilikuwa zimekwisha. Kila Jumatatu na kila Alhamisi ilibidi afungwe kwenye mashine ya kusafisha damu huko Bujumbura, kilomita sabini na kitu kutoka kwetu, akae pale kwa muda wa saa nne, halafu arudi. Binamu yangu alikuwa na chumba mjini, akasema mama akae kwake. Mama alikataa. Alisema amezaliwa Rumonge katika mtaa wa Waswahili, na hataki kufa huku anaomba ruhusa ya kwenda msalani katika nyumba ya mtu. Mama alikuwa hivyo, ulimi wake haukuwa na breki. Mimi nimeurithi ulimi huo bila kurithi akili iliyouongoza.

Nilikuwa na jipi la petroli, la zamani, refu kutoka ardhini, ambalo lilikwisha kutumikia mabwana wawili kabla yangu. Na mama alikuwa na rafiki yake. Walisoma chuo cha Kurani pamoja wakiwa wasichana, wakaolewa mwaka mmoja, wakafiwa na waume miaka iliyokaribiana. Mume wa yule rafiki alikuwa dereva wa lori. Mimi nilimwita mama mdogo tangu sijajua kufunga vifungo vya shati langu. Mwaka ule wa shida aliuza petroli kwa bidoni, ile inayovuka ziwa kutoka upande wa Tanzania na ambayo kila mtu anajua inatoka wapi na hakuna anayeuliza. Watu walimgombania. Lakini nyuma ya magunia yake ya unga palikuwa daima na bidoni moja ya lita ishirini kwa ajili ya Jumatatu, na moja kwa ajili ya Alhamisi.

"Hii siuzie mutu mwengine," alikuwa akiniambia. "Iko ya damu ya mwenzangu."

Bidoni moja ilitosha kwenda na kurudi, na ikabaki kidogo ya kunipeleka sokoni. Mwaka mzima ilikuwa hivyo. Sikuwahi kushukuru kwa hesabu hiyo, kama vile mtu asivyoshukuru kwamba mlango wa nyumba yake unafunguka.

Kisha mvua zikaja. Pale Gitaza mlima una tabia ya kushuka barabarani, na mwaka ule ziwa nalo lilikuwa limepanda, kwa hiyo upande mmoja kulikuwa na maji na upande mwingine udongo mwekundu. Jumatatu moja tulizama humo. Magurudumu yalizunguka bure, gari likateleza kuelekea ziwani, mama akiwa ndani amekumbatia mkoba wake wa karatasi za hospitali. Wanawake waliokuwa wanaanika ndagala, dagaa wetu wa ziwani, waliacha kazi yao wakaja kutusukuma, matope yakawarukia mpaka usoni. Tulipofika Bujumbura ilikuwa saa tisa alasiri, na zamu ya mama ilikuwa imepewa mtu mwingine. Muuguzi alisema turudi Alhamisi.

Nikaapa haitatokea tena. Alhamisi ile, mama akiwa kwenye mashine, nilikwenda mahali wanapouza matairi yaliyokwisha kutumika. Dereva mmoja wa lori niliyemfahamu kidogo alinichagulia manne. Yalikuwa matairi ya matope, mapana, meno yake makubwa kama vipande vya sabuni. Saizi yake ilizidi ile ya gari langu, lakini ya saizi yangu hayakuwepo, na yule dereva akasema kuzidi si kupungua. Akaniambia pia nipunguze upepo, maana tairi likilegea linashika matope vizuri zaidi. Nikapunguza. Yale ya zamani, ya barabara ya kawaida, ambayo yalikuwa bado na uhai, niliyapeleka nyumbani nikayaweka stoo nyuma ya mapipa ya mawese.

Niseme ukweli, nilijiona mwanaume. Gari lilisimama juu zaidi, lilinguruma barabarani, watu wa Kabezi waligeuka kulitazama. Tulipofika kwenye udongo wa Gitaza tulipita moja kwa moja bila kuteleza hata mara moja, na mama akacheka. Akasema, "Leo iko inatembea kama ng'ombe." Nilifurahi siku ile. Nadhani ndiyo siku yangu ya mwisho ya kufurahi.

Jumatatu iliyofuata, tukiwa tunarudi, tumepita Minago, gari likakohoa mara mbili likazima. Tangi lilikuwa tupu. Mama alikuwa ametoka mashineni, mwili umelegea, akakaa juani na kanga kichwani huku mimi namwomba mwenye pikipiki aninusuru kwa lita moja. Alhamisi ilikuwa hivyo hivyo. Gari lilizima mahali pale pale, karibu na jiwe lile lile.

Mtu mwingine angeinama akatazama nini kimebadilika kwenye gari lake. Kilichobadilika kilikuwa vitu vinne, vikubwa, vyeusi, vyenye meno. Mimi niliinama kunusa bidoni.

Nilimimina petroli kidogo iliyobaki kwenye bidoni katika chupa nyeupe nikaiacha itulie usiku kucha, maana maji hukaa chini. Hayakukaa chini, kwa sababu hayakuwemo. Mwenye busara angeishia hapo. Mimi nikasema, basi si maji, ni mafuta ya taa. Nikanusa tena, na mtu akitafuta harufu kwa nguvu ataipata tu. Wahenga walisema akili nyingi huondoa maarifa, na mimi siku zile nilikuwa na akili nyingi sana.

Ijumaa, watu wakiwa wanatoka msikitini, nilikwenda kwa mama mdogo. Nyumba yake iko hatua chache kutoka pale, na kila anayetoka kusali hupita mbele ya kibaraza chake. Nilijua hilo. Nisijidanganye kwamba sikujua.

"Unaniuzia esanse gani?" nikamwuliza. Sikutoa salamu.

"Esanse ya siku zote."

"Ya siku zote ilikuwa inanirudisha nyumbani. Hii inanitupa Minago. Umechanganya."

Watu walianza kusimama. Yeye alifuta mikono yake kwenye kanga polepole.

"Mutoto wangu, weye unajua unasema nini?"

"Najua. Kama hujachanganya, apa."

Kwetu kumwapisha mtu si mchezo. Anaapishwa mtu ambaye mmegombana naye mpaka wazee wameshindwa, anaapishwa mgeni asiyejulikana kwao. Haapishwi mwanamke aliyekubeba mgongoni mama yako alipokuwa na homa. Nilisikia mzee mmoja nyuma yangu akisema astaghafirullah. Nilisimama pale pale, nimekunja mikono, mtu mwenye pua isiyodanganyika.

Mama mdogo aliingia ndani. Alitawadha, tulisikia maji yakimwagika. Akatoka na msahafu uliofungwa katika kitambaa, akaweka mkono juu yake, akaapa kwamba hajatia kitu chochote katika mafuta ya mama yangu, na kama ametia, Mungu asimpokee. Sauti yake haikupanda wala kushuka.

"Sasa umesikia," akaniambia. "Kwa mulango yangu usirudie tena."

Na mimi sikumwamini. Hilo ndilo linalonishinda mpaka leo. Nilitembea kurudi nyumbani nikijiambia kwamba mwizi haogopi kuapa.

Habari ilinitangulia. Mama alikuwa amekaa kitandani akinisubiri.

"Umemuapisha mwenzangu?"

"Ndiyo."

"Mbele ya watu?"

"Anatuibia, mama. Anakuibia wewe."

"Yeye hawezi kuniibia," akasema, "hata akitaka hawezi." Akageukia ukutani. Siku ile hakula.

Nikaanza kununua kwa watu wengine. Kulikuwa na wachuuzi waliokuja kutoka Nyanza-Lac, kulikuwa na wa huku na huku. Walikuwa nayo Jumanne wakati mimi naitaka Jumatatu, walikuwa na lita kumi wakati mimi nahitaji ishirini. Na ishirini zenyewe hazikutosha tena. Nilihitaji bidoni moja na kidogo, na hicho kidogo kilikuwa kigumu kupata kuliko bidoni yenyewe. Nikipata moja tu, nilikaa nyumbani, kwa kuogopa kukwama njiani na mgonjwa. Mara mbili kwa wiki zikawa mara moja. Kisha ikapita wiki nzima hatukwenda.

Anayesafishwa damu kwa mashine hawezi kukopa siku. Maji asiyoyakojoa yanabaki mwilini. Miguu ya mama ilivimba mpaka kandambili zikakataa kuingia, asubuhi macho yake yalikuwa mistari miwili, na akaanza kulala ameketi, amejiegemeza mito, kwa sababu akilala chali anahisi anazama. Alikuwa anapima maji ya kunywa kwa kifuniko cha chupa. Joto la ufukweni unalijua, na yeye anakunywa kifuniko. Nilimtazama nikakasirika, na hasira yangu yote niliielekeza kwa mwanamke mmoja aliyekaa karibu na msikiti.

Katika wiki hiyo ya kutokwenda, Jumatano asubuhi, mwendesha baiskeli mmoja alisimama mlangoni kwangu. Nyuma yake alikuwa amefunga bidoni ya njano, imejaa.

"Amahoro," akasalimia. "Nimetumwa na mama moja wa karibu na muskiti. Amesema iko ya mugonjwa."

Nayakumbuka maneno yangu yote, laiti ningeweza kuyasahau. Nilimwambia, "Irudishe. Mwambie sitii sumu kwenye gari langu kwa sababu ya huruma yake." Mwenye baiskeli alinitazama kidogo, kama anayengoja nicheke. Sikucheka. Akageuza baiskeli. Dirisha la mama lilikuwa wazi, na kitanda chake kiko chini ya dirisha.

Bidoni ile ingetufikisha. Hata na matairi yale ingetufikisha Bujumbura, mama angefungwa kwenye mashine Alhamisi ile, na kurudi tungerudi kwa njia yoyote, hata kwa kusukumwa. Nimetafuta udhuru wa asubuhi ile mahali pote ninapoweza kutafuta. Nimesema nilikuwa nimechoka, nimesema nilikuwa na hofu. Mtu aliyechoka anapokea msaada. Mimi nilikuwa na kiburi, na nyani haoni kundule.

Jumamosi, kwa lita chache zisizotosha Bujumbura, nilikwenda kuchukua mawese upande wa Kigwena, na jiwe likapasua tairi moja ubavuni, pasuko refu lisiloshoneka. Rumonge nzima hapakuwa na tairi la saizi ile. Nikayatoa yale ya zamani stoo, nikayavingirisha mpaka kwa fundi wa matairi wa barabara kuu, mtu wa maneno machache. Alianza kuyafunga. Halafu akaacha, akanyanyua moja la meno lililokuwa zima, akanitupia mikononi. Nusura liniangushe.

"Sikia uzito," akasema. "Gari iko inabeba hiyo mara ine, na iko inaizungusha njia yote. Na upepo ulikuwa umetoa, hapana?"

"Nilipunguza kidogo."

"Kidogo." Akagonga tairi kwa kidole. "Mapine ikilegea, ikiwa na meno, inavuta barabara. Esanse yako yote inaishia hapa chini. Ulikuwa unapata nguvu ya kutoka kwa matope, lakini matope iko pahali pamoja tu. Kilomita zingine zote ulikuwa unalipa bure."

"Nani amekuambia hayo?"

"Hakuna wa kuniambia. Iko kazi yangu."

Akayajaza yale ya zamani upepo mpaka yakawa magumu, akanawa mikono. Mimi nilimlipa nikaondoka, bado najiambia tutaona.

Tuliona Jumatatu. Nilikuwa nimepata bidoni moja kutoka kwa mtu nisiyemjua, petroli yenye rangi ya chai ambayo hata mtoto angejua imechanganywa. Bujumbura muuguzi alimbonyeza mama mguu, kidole kikaacha shimo. Akaniita pembeni. Alisema maji yamefika kwenye moyo, asikose tena hata mara moja, na akaniuliza tulikuwa wapi. Nikasema esanse. Akasema, "Esanse," akaandika.

Tukarudi. Magara tukapita. Nilipokaribia Minago nilipunguza mwendo, nikasubiri gari likohoe. Halikukohoa. Jiwe lile nililipita. Tukaingia Rumonge, nikasimama mbele ya nyumba, nikachovya kijiti kwenye tangi, kikatoka kimelowa. Petroli mbaya kuliko zote nilizowahi kununua, na ilinirudisha nyumbani ikabaki.

Sikupata faraja yoyote katika kujua. Nikakitupa kijiti chini. Mama alikuwa amesinzia kwenye kiti chake, mdomo wazi, na mimi nikasimama kando ya gari nikiwa mtu wa miaka hamsini na mbili aliyemwapisha mama yake mdogo kwa sababu ya mpira.

Kesho yake nilikwenda kwake. Alikuwa anachagua mchele kwenye ungo, hakunyanyua kichwa.

"Nilikuambia usirudie."

"Nimekuja kusema ni matairi. Haikuwa esanse."

Vidole vyake viliendelea kutoa mawe. "Bwana yangu ameendesha kamyo miaka ngapi? Siku ya kwanza ulipita hapa na mapine yale, nikasema, huyu mutoto atalia esanse. Ungeniuliza, ningekuambia. Hukuuliza. Ulikuja kuniapisha."

Nilipiga magoti pale kibarazani. "Nisamehe, mama mdogo."

"Simama. Uliniapisha mbele ya watu. Ijumaa wakitoka kusali, utasema mbele ya watu vile vile. Hapa kwangu mimi peke yangu unasema bure." Akaweka ungo chini, akaingia ndani, akatoka ameinama upande mmoja kwa uzito. Akaitua bidoni mbele yangu. "Hii si yako. Usinishukuru, usiniambie murakoze."

Alhamisi tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Nilimwambia mama kila kitu. Nilimweleza matairi, upepo, kijiti, nikamweleza kwamba sasa kila wiki tutakwenda mara mbili kama zamani, bidoni moja kwenda na kurudi. Nilikuwa nasema haraka haraka, kama mfanyabiashara anayeogopa mteja ataondoka. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo hakuwa mwizi."

"Hakuwa."

"Basi geuza."

Nilidhani sikusikia vizuri. Tulikuwa tumeshapita Magara.

"Mama, esanse iko. Ya kwenda na kurudi."

"Najua. Umeniambia mara tatu. Geuza, unipeleke kwa mwenzangu."

Nilikataa. Niliendelea kuendesha mpaka Gitaza, namwambia alivyosema muuguzi, namwambia moyo, namwambia kesho nitampeleka kwa mwenzake akae anavyotaka. Akaweka mkono wake uliovimba juu ya mkono wangu kwenye usukani, bila nguvu yoyote.

"Siku hizi zote weye ndiye umesema lini tunaenda, lini hatuendi," akasema. "Leo nasema mimi."

Watu wananiuliza kwa nini niligeuza. Ndugu zangu wameniuliza, wengine kwa upole, wengine si kwa upole. Nilipaswa kuendelea, kila mtu anajua nilipaswa kuendelea. Lakini wiki zile zote nilikuwa nimejua zaidi ya kila mtu, na pale sikuwa na haki hata moja iliyobaki ya kumwambia mama yangu kwamba mimi ndiye ninayejua. Niligeuza mbele ya wanawake wanaoanika ndagala. Mmoja alitutambua akapunga mkono.

Nilimbeba mama kutoka garini mpaka kwenye mlango nilioambiwa nisirudi. Nilianza kusema kitu. Mama mdogo akanikatiza.

"Ingiza mugonjwa kwanza."

Tulimlaza kwenye mkeka wenye godoro, mama mdogo akafunga pazia, na mimi nikakaa nje kwenye gari nikisikiliza sauti zao. Walizungumza mchana kutwa. Sikuyasikia maneno, nilisikia kicheko kimoja au viwili. Ijumaa asubuhi nilipoleta dawa, nilimkuta mama miguu yake iko kwenye mapaja ya mwenzake, anapakwa mawese, amefumba macho. Nilimwambia kesho nitampeleka Bujumbura, nitamwangukia muuguzi atupe nafasi. Akasema, "Tutaona," bila kufumbua macho. Pumzi yake ilikuwa fupi sana.

Adhuhuri niliswali mstari wa nyuma. Watu walipotoka nilisimama mahali nilipokuwa nimesimama siku ile, nikawaomba wangoje. Nikasema nilimsingizia mwanamke mwaminifu wizi, nikamwapisha mbele yao, na kosa lilikuwa la matairi ya gari langu ambayo niliyafunga mwenyewe. Kijana mmoja aliuliza, "Mapine?" na watu wawili wakacheka, si kwa ubaya. Mzee aliyesema astaghafirullah mara ya kwanza aliniambia nimalizie. Nikamalizia. Niliomba msamaha kwa sauti, nikitazama kibaraza chake. Hakuwepo kibarazani.

Jirani mmoja wa kike ndiye aliyetoka kwenye mlango ule. Alifika mpaka karibu yetu wanaume, jambo ambalo wanawake wetu hawalifanyi pale, na kwa hilo tu nikajua.

Wale waliokuwa wamesimama kunisikiliza ndio waliochimba kaburi, kabla udhu wao haujatenguka. Jipi lilikuwa limeegeshwa pale pale, na ndani yake petroli ya kufika Bujumbura. Nilisimama uani, nje ya pazia la kanga walilofunga wanawake kumwosha mama, nikasikia sauti ya mama mdogo ikiwaelekeza wenzake, upande wa kulia kwanza, taratibu, mkono huu wa mashine unauma.

"Mama mdogo," nikasema kupitia pazia. "Nimesema. Mbele ya watu wote."

Maji yalimwagika, yakakoma.

"Maji imekwisha," akasema. "Leta ingine."

Nikachukua ndoo.